Sungura wa Rangi ya Kaki

Sungura yule nusura ageuzwe mfuko wa kaptura. Ulikuwa msimu wa kufungua shule, na katika duka la Fundi kila ulichokigusa kilikuwa kaki: majora ya kaki yameegemezwa ukutani, mashati ya kaki yananing'inia kwenye kamba, na vipande vya kaki vimetapakaa sakafuni mpaka vinakufika vifundoni. Fundi aliinama chini ya meza ya kukatia, mkasi mkononi, akavuta kipande alichoona kinatosha mfuko wa nyuma. Kipande kikamtazama.

Alirudi nyuma akajigonga kisogo. Kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima zake mtaani, hakupiga kelele. Alipanda tu juu ya stuli.

"Kuna kitu humu," alisema kutoka huko juu.

Aliyekwenda kukitoa ni dada yake. Nyumba ile kila kisichotakiwa kilitolewa na yeye: panya, uchafu uliokwama kwenye bomba, wageni wasiojua kuaga. Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri, na ungemuuliza jirani jina lake halisi angekuna kichwa na kubadilisha mazungumzo. Alipiga magoti, akaingiza mikono taratibu kwenye marundo ya vitambaa, akamtoa sungura, mkono mmoja kifuani na mwingine umebeba makalio.

"Sungura," alisema.

"Wa porini huyo," alisema Fundi.

"Umejuaje, kaka?"

"Si rangi hiyo. Wa kufugwa ni weupe. Huyu kaki."

Msimcheke mapema. Fundi alikuwa amekata nguo za shule tangu hajaota ndevu, na kwake rangi ndiyo iliyosema kitu ni cha nani. Kaki ni shule ya hapa chini, bluu ni ile ya kule juu, kijivu ni ya wenye nazo. Hakuwahi kukosea, akapeleka sare ya huyu kwa yule, basi hakuona sababu ya kukosea kwa mnyama. Na jambo lenyewe lilikuwa zito, maana marehemu baba yao aliwaachia nyumba, vyerehani viwili na sheria moja: mnyama wa porini akijileta mwenyewe ndani ni riziki, apikwe, mnyama wa mtu ni amana, haguswi hata akae mwaka. Fundi angeweza kukusahaulia suruali yako miezi, lakini sheria ya baba hakuisahau.

"Riziki," alisema akishuka. "Na Jumamosi tuna wageni."

Mkewe, ambaye wageni wenyewe walikuwa mama yake na dada zake, hakuinua macho kwenye cherehani. "Kitunguu kipo," alisema.

"Huyu si wa porini," alisema Shangazi.

Hata yeye alishangaa kujisikia. Katika nyumba ile alikuwa na ruhusa ya kusema chumvi imezidi au mvua inakuja, lakini kumpinga kaka yake mbele ya watu ni jambo ambalo hakuna aliyekumbuka lilitokea lini. Fundi alimtazama, akamtazama sungura, kisha akacheka, kwa sababu hakuwa mtu mbaya.

"Haya. Nionyeshe. Mpaka Jumamosi."

Nyumba ile Shangazi alikuja kukaa wiki mbili. Wifi yake alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, mama yao hayupo, nani mwingine wa kuchemsha maji? Akaja na begi dogo. Mtoto yule sasa ananyoa ndevu, wakafuata wenzake, na begi lile liko mpaka leo nyuma ya majora. Kila alipotaka kuondoka palitokea la kumzuia, na kila mara lilikuwa la kweli: homa, mimba nyingine, msimu wa shule. Alipata hata mchumba, seremala mpole, na Fundi hakukataa. Alisema tu, "Asubiri watoto wakue kidogo." Seremala alisubiri kwa adabu zote, mpaka akaoa kwingine.

Alilala katika stoo ya vitambaa. Dirisha lilikuwepo, ila lilikuwa nyuma ya rafu. Msimu wa shule majora yalipoletwa, kitanda chake kilisogezwa, kikasogezwa tena, mpaka mlango ukawa haufunguki wote na yeye akaingia kwa ubavu. Wakati wa kulala alinusa kitambaa kipya na kumsikia kaka yake akikohoa upande wa pili wa ukuta. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemnyima chakula. Wakati mwingine alitamani wamtukane, ili apate sababu.

Kazini nako ni hivyo hivyo. Fundi alikata, mkewe alishona, na Shangazi alimalizia: matundu ya vifungo kwa mkono, kisha vifungo vyenyewe, kisha kukata nyuzi. Matundu yake yalikuwa ya kutazamwa. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na sugu gumu kama kokwa. "Mpe shati lisilo na matundu atakurudishia nguo," Fundi alipenda kuwaambia wateja. "Mpe kitambaa, hajui aanzie wapi." Wateja wakicheka, naye Shangazi akicheka nao. Miaka ikapita akicheka, na siku moja akagundua kwamba kweli hajui aanzie wapi.

Sasa, Jumapili ya kabla ya sungura, simu yake ilikuwa imeita. Alikuwa rafiki yake wa tangu shule ya msingi, waliyeitana somo kwa kuwa walichangia jina, naye ana karakana yake ya kushona katika mji mwingine.

"Chumba kipo, cherehani ipo," alisema Somo. "Jumamosi nachukua mzigo wa vitambaa huko kwenu. Nakupitia mlangoni."

"Nitaona, somo."

"Mwaka juzi ulisema utaona. Jumamosi nikikuta unaona tena, mimi sirudi."

Shangazi hakumwambia mtu. Alilitoa begi nyuma ya majora, akalifuta vumbi, akalirudisha pale pale.

Sungura alimtia kwenye tenga la kuku jikoni, akamfunikia gunia. Mambo ya sungura aliyajua, maana shuleni yeye na somo wake ndio waliopewa kuwatunza. Jumanne jioni, baada ya kula, alimweka mezani juu ya gazeti na Fundi akavaa miwani.

"Wa porini ana masikio marefu kuliko kichwa chake," alisema Shangazi, "na nchani pameungua, peusi. Huyu masikio yake mafupi, hayana weusi. Wa porini miguu ya nyuma mirefu, akikaa utadhani yuko juu ya ngazi. Macho ya manjano yamemtoka, uso mwembamba. Mtazame huyu mashavu."

"Amenenepa tu," alisema Fundi.

"Wa porini asingekaa hapa mezani ukimsemasema. Shuleni walituletea mmoja amekamatwa shambani. Tulimtia bandani na maji na majani mazuri. Usiku kucha alijigonga kwenye waya. Asubuhi tulimkuta amekufa, na hakuwa na kidonda. Roho tu ilikataa."

Wifi alisimamisha kikombe chake. "Kwa hofu?"

"Kwa kufungiwa."

Kisha akamgeuza sungura chali, kwa utaratibu, akamshika mguu wa nyuma na kuwaonyesha kisigino. Katikati ya manyoya palikuwa na kipara, ngozi imekakamaa. "Hii ni alama ya waya. Banda la sakafu ya waya linakula manyoya hapa. Porini hakuna waya."

Fundi alisogeza miwani, akaangalia kipara, kisha bila kujua akaangalia kidole gumba cha dada yake kilichokuwa kando yake. Hapo ndipo alipoanza kuamini. Mtu wa ufundi hadanganyiki kwa sugu.

Lakini kulikuwa na jambo Shangazi hakulisema, na nyinyi ni bora mlijue sasa. Ukingoni mwa kipara kile manyoya mapya yalikuwa yanaota, laini, mafupi, meusi kidogo kuliko mengine. Na kucha za mbele zilikuwa zimelika, na udongo umeganda ndani yake. Sungura huyu alizaliwa bandani, sawa. Ila alikuwa ametoka bandani muda mrefu, wiki nyingi, akichimba na kulala nje katika mvua zile zilizong'oa mabati ya watu. Shangazi aliyaona manyoya hayo mara ya kwanza alipomshika. Alimjua kaka yake: angesema aliyeishi nje ni wa nje, na kitunguu kipo. Kwa hiyo alipoonyesha kisigino, sehemu ile aliifunika kwa kidole gumba.

Jumatano na Alhamisi aliuliza mitaa ya jirani kama kuna aliyepotelewa. Hakuna. Fundi akasema bado kuna jaribio moja, la haki kabisa: afunguliwe mlango wa uani, ule unaotazama kiwanja chenye nyasi. Wa porini ataondoka. Wa mtu atabaki.

Wakafungua. Sungura akatoka jikoni akirukaruka, akafika kizingitini, akakaa. Pua ilikuwa nje, mwili ulikuwa ndani. Upepo ukamtikisa masikio. Nyasi zilikuwa nzuri, Mungu shahidi, mtu mwenyewe ungetamani. Alikaa hapo mpaka watoto wakachoka kutazama. Kisha wifi akagonga kopo la maganda, na sungura akageuka akarudi ndani.

"Shangazi mtupu," alisema wifi, na nyumba nzima ikacheka.

Shangazi alicheka pia. Baadaye alikwenda stooni, akaketi kitandani. Alikaa hivyo hadi alipoitwa kuchuja chai.

Ijumaa Fundi alitaka kujua jambo moja la mwisho. Kama ni wa kufugwa, kwa nini asiachiwe tu kiwanjani, ajitafutie? Kumlisha mnyama wa watu ni gharama. Na Shangazi, aliyeona tenga linakaribia kufunguliwa kwa mbwa wa kiwanjani, alimjibu kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia kwa ajili yake mwenyewe.

"Aliyezaliwa bandani ukimtoa nje unamuua. Hajui mbwa, hajui baridi, hajui jani lipi lina sumu. Si kwamba hapendi, kaka. Hawezi."

Fundi alitikisa kichwa akikubali. "Basi ni amana. Akae." Mkewe akatuma akanunuliwe kuku.

Jumamosi Somo alifika kabla ya wageni, na gari dogo la mizigo lililojaa majora nyuma. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti, amejifunga futi ya kupimia shingoni kama watu wengine wanavyovaa mkufu. Alisalimia wote, akaulizia afya za wote, kisha akasimama akingoja. Shangazi akatoka stooni kwa ubavu, begi mkononi.

Fundi hakushtuka. Mkewe alikuwa ameisikia ile simu ya Jumapili, ukuta wenyewe ni wa mbao, na wiki nzima mume na mke walikuwa wakingoja. Shangazi alikuwa amejiandaa kwa makelele. Makelele hayakuja. Kaka yake aliweka mkasi chini, na sauti yake ikawa ya upole kuliko alivyowahi kuisikia.

"Mdogo wangu, huko kila mtu anashona nguo nzima. Nani atakupa matundu tu?"

"Nitajifunza."

"Sasa hivi? Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Na si maneno yangu mimi. Ni yako, jana tu, hapo uliposimama. Aliyezaliwa bandani ukimtoa nje unamuua. Si kwamba hapendi, ulisema. Hawezi." Macho yalikuwa yamemlowa. "Mimi nikuache ukafe?"

Na alikuwa anamaanisha, hilo ndilo lililouma. Mtu akikufunga kwa kamba yake unaweza kuikata. Hii Shangazi aliisokota mwenyewe, usiku na mchana, kuokoa mnyama, na ilikuwa imesokotwa vizuri. Aliona hofu yake yote, ile ya kitambaa kitupu kilichotandazwa mezani na watu wakimngoja aanze, na akajiambia kaka anasema kweli.

"Ni kweli nilisema," alijibu, akaweka begi chini.

Somo hakubishana. Alivuta pumzi, akatoka, na gari likasikika likiwashwa. Shangazi aliinama kwenye tenga, si kwa sababu yoyote, ila mikono ilihitaji kitu cha kushika. Akamtoa sungura, na vidole vikaenda vyenyewe kwenye kisigino. Manyoya mapya yalikuwa yameongezeka tangu Jumanne. Yalikuwa yanakaribia kufunika kipara.

"Somo, ngoja!" aliita, na ile ilikuwa mara ya kwanza kwa wifi yake kuisikia sauti ile ikivuka mlango.

Akamgeuza sungura juu ya meza ya kukatia, katikati ya kaki. "Njoo uone, kaka. Siku ile nilipafunika kwa kidole. Tazama. Manyoya yanaota. Huyu alitoka bandani zamani. Amelala nje peke yake mvua zote zile, mbwa wote hawa, na kucha zake zimejaa udongo aliochimba. Mashavu haya hakuyapata kwetu. Alikuja nayo."

Fundi aliangalia kwa muda mrefu. "Kwa hiyo ulinidanganya."

"Nilikuficha."

"Aliyeishi nje ni wa nje," alisema wifi kutoka kwenye cherehani, polepole, bila kuacha kukanyaga pedali. Hakusema kwa uroho. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Alikuwa tu ameona kabla ya wengine mambo yalipofikia. Sungura akiwa wa kufugwa, basi yale maneno ya jana yanasimama, na Shangazi anabaki. Akiwa wa porini, Shangazi aende zake, na sungura aingie chunguni. Hakuna aliyelisema hivyo, lakini wote watatu walilielewa.

"Haya, sema mwenyewe," alisema Fundi. "Wa kufugwa au wa porini?"

Shangazi alimtazama mnyama, akamtazama kaka yake.

"Ni wangu," alisema.

Katika nyumba ile hakuwa amewahi kulitumia neno hilo kwa kitu chochote. Kitanda kilikuwa cha stoo, sufuria za wifi, watoto wa kaka. Fundi alifungua mdomo.

"Mnyama wa mtu haguswi," Shangazi alimkumbusha. "Baba ndiye aliyesema."

Fundi akafunga mdomo. Angeweza kumjibu dada yake. Marehemu baba hajibiwi. Alisogea kando ya mlango, akitazama sakafu, na Shangazi akapita na tenga mkono mmoja na begi mkono mwingine. Wifi aliacha kukanyaga. Shangazi alipofika nje alisikia cherehani kimya na kaka yake akisema, bila kumwambia mtu, "Sasa matundu atatoboa nani?"

Safari ilikuwa ndefu na Somo aliongea yote. Shangazi aliitikia. Walifika jua likiwa bado juu, kwenye ua wenye kamba za nguo na karakana yenye madirisha mawili makubwa, yote wazi. Somo akashuka, akazunguka akafungua mlango wa upande wa mgeni wake ili kuvuta jora lililobanwa nyuma ya kiti, akalipeleka ndani. Akarudi akachukua jingine. Akapanga mzigo, akabandika chai, akaosha vikombe viwili, akamimina. Ndipo akaona yuko peke yake.

Alitoka na kikombe mkononi. Shangazi alikuwa bado garini, tenga limekaa mapajani, magoti pamoja, begi limebanwa miguuni. Mlango wa upande wake ulikuwa wazi tangu ulipofunguliwa.

"Mbona hushuki, somo?"

Shangazi alitazama mlango, akatazama ardhi chini yake, kama mtu aliyeulizwa swali gumu.

"Hujaniambia," alisema.

Neno lenyewe, shuka, lilikuwa dogo, lilikuwa tayari ulimini mwa Somo, na rafiki yake alikuwa analingoja. Akalimeza. Alikwenda akaketi kwenye kizingiti cha karakana, akaweka kikombe pembeni, akafunga mikono magotini, machozi yakimlengalenga, akasubiri, na chai ikaanza kupoa.